Mkulima Namba Kumi na Saba

Inspekta Emilienne Lukali alifika Kabambare siku ya Ijumaa, saa sita kasoro robo, akiwa na tope hadi magotini na faili moja lililofungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Pikipiki ilikuwa yake mwenyewe. Tangu ahamishiwe parke ya Kasongo, ofisi ya mwendesha mashtaka, miaka minne iliyopita, alikuwa amekataa katakata kubebwa na motari, dereva wa pikipiki ya kukodi. Alisema mpelelezi anayebebwa hufika akiwa amekwisha kusimuliwa kesi nzima na dereva.

Kesi yenyewe, kwa maneno ya kila mtu aliyemwuliza, ilikuwa imeiva, imebaki kupakuliwa tu. Chuo Kikuu cha Luama, pale Kasongo, kilikuwa kimemshtaki Darlène Mwavita, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kilimo, kwamba aliingia ndani ya seva ya chuo na kujipandishia alama ya tasnifu yake kutoka kumi na moja hadi kumi na nane. Jumatatu baraza la nidhamu lingekaa. Likimwona ana hatia, angefukuzwa kabisa, na faili lingekwenda mahakamani.

Ushahidi ulikuwa karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye seva, ambayo huandika yenyewe kila jambo linalofanywa ndani yake. Ilikuwa na mstari mmoja: tarehe 12 Machi, 10:47, alama imebadilishwa. Ya pili ilikuwa nakala ya daftari la chumba cha kompyuta. Siku hiyohiyo, Darlène alikuwa ameingia humo saa nne na nusu, akatoka saa tano na dakika kumi. Peke yake. Nenosiri la msimamizi lilikuwa limeandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa chini ya seva, mahali ambapo hata mfagiaji angeliona.

Malalamiko yalisainiwa na katibu mkuu wa masomo, Dominique Assumani. Lakini aliyeyaandika, na aliyechagua karatasi hizo mbili, alikuwa Magloire Kitoga, mwalimu anayesimamia masomo ya kidijitali, ambaye wanafunzi humwita CT, kifupi cha cheo chake, chef de travaux. Alikuwa amemkabidhi Emilienne faili hilo kwa mikono miwili, akitabasamu, na kumwambia, "Mama Inspekta, hata haina haja ya kusafiri."

Ndipo Emilienne alipoamua kusafiri hadi Kabambare, alikokimbilia msichana kwa mama yake.

Akawakuta mama na binti nyuma ya nyumba, wakimenya mihogo iliyotoka kulowekwa. Darlène alikuwa msichana mrefu, mikono yake imeparara kwa maji. Alipoona mkanda wa Emilienne na bastola iliyoning'inia kwenye mkanda huo, aliweka kisu chini bila kuambiwa.

"Darlène Mwavita?"

"Ni mimi, mama."

"Inspekta Lukali, wa parke ya Kasongo."

Mama yake hakusimama. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, kitambaa cha kichwani kimefungwa kwa nguvu, na aliendelea kumenya.

"Mimi ni Safia, wa hapa Lusenge," alisema. "Kama umekuja kumufunga, utakula kwanza. Hapa kwangu mutu hatafungwa na mutu mwenye njaa."

"Nitakula, mama. Lakini nianze kuuliza." Emilienne akavuta kigoda, akamgeukia binti. "Tarehe kumi na mbili ulikuwa ndani ya chumba cha kompyuta?"

"Nilikuwa."

"Saa ngapi?"

"Saa ine na nusu. Nilitoka saa tano na dakika kumi. Niliandika mwenyewe katika daftari."

"Na mulinzi wa seva?"

"Papa Octave? Alikuwa ameenda kutafuta mafuta ya jenereta. Aliniachia ufunguo."

"Ulifanya nini dakika zote hizo?"

"Nilikuwa nasoma."

Emilienne hakuandika kitu. Akafunga kalamu yake.

"Masomo yote yako ndani ya seva, na seva inashikika kwa tableti mahali popote katika ua wa chuo. Unaweza kukaa chini ya veranda, kwenye upepo, ukasoma. Mutu wa kusoma hahitaji ufunguo wa chumba cha joto. Nakuuliza tena. Ulifanya nini?"

Safia aliacha kumenya.

"Darlène," alisema mama yake. "Sema."

Msichana aliingia ndani ya nyumba, akarudi na kopo la majani ya chai. Akalimimina juu ya ungo. Zilianguka kadi ndogo nyeusi za kumbukumbu za simu, kila moja kama ukucha wa kidole gumba.

"Nilikuwa nakopisha masomo ndani ya hizi kadi," alisema. "Kuna wenzetu wa darasa walioacha chuo, wako wanachimba dhahabu kule Salamabila. Kila siku wako ndani ya shimo. Siku ya mungu, Jumapili, wanasoma kwa simu. Lakini ni amri ya CT: somo lisitoke inje ya ua. Nilijua wakiniuliza nilikuwa nafanya nini mule, nitakuwa na makosa tu, hata kama si yale wanasema. Kwa hiyo nilipanda pikipiki nikaja kwa mama."

"Hizi ni za siku hiyo?"

"Ile yenye alama nyekundu. Zingine ni za zamani."

Emilienne alichukua kadi ile, akaitia ndani ya simu yake, akafungua orodha ya mafaili. Yalikuwa masomo kweli: udongo, mbegu, magonjwa ya mimea. Kando ya kila faili kulikuwa na tarehe na saa ya kunakiliwa. Aliisoma saa ya kwanza, akaisoma tena.

"Umesema uliingia saa ine na nusu."

"Ndiyo."

"Hapa imeandikwa 09:41. Saa tatu na dakika arobaini na moja. Karibu saa nzima kabla ya kuingia."

"Hapana, mama!" Darlène alisimama. "Saa tatu nilikuwa ndani ya somo la CT Magloire mwenyewe. Aliita majina. Watu makumi sita waliniona."

"Basi kadi iko inasema uongo?"

"Sijui kadi inasema nini. Mimi nasema kweli."

Emilienne alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe, wauza pembe, na mapadri wawili. Mwongo akikutana na jambo lisilolingana na hadithi yake, hulitafutia maelezo haraka. Huyu hakutafuta. Alikasirika tu.

"Tukule," alisema Emilienne.

Walikula ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Ukuta wa pili, kwa jirani, redio ilikuwa ikiimba, kisha wimbo ukakatwa na sauti ya mtangazaji ikatoka wazi juu ya ukuta wa matete: "Wasikilizaji wetu, ni saa sita kamili Kinshasa, saa saba kamili Lubumbashi na mashariki yote ya nchi. Sasa habari."

Emilienne alikuwa ameshika tonge. Akalirudisha kwenye sahani.

"Darlène. Ile seva ilitoka wapi?"

"Kinshasa. Ilikuja na ndege mupaka Kindu, ndani ya karatoni. Waliitengeneza kulekule."

"Na tangu ifike Kasongo, kuna mutu aliisahihisha saa?"

"Nani atatazama saa ya seva, mama? Kila mutu anatazama simu yake. Na haina intaneti ya kujisahihisha yenyewe."

Emilienne alinawa mkono, akachukua kalamu. Kadi haina saa yake; ilichukua ya seva, na seva ilikuwa bado kwenye saa ya Kinshasa: 09:41. Kasongo ilikuwa 10:41, na Darlène alikuwa ndani ya chumba, kama daftari lilivyosema. Basi na ile alama iliyobadilishwa saa 10:47 ya seva, Kasongo ilikuwa 11:47. Saa tano na dakika arobaini na saba. Dakika thelathini na saba baada ya msichana huyu kufunga mlango na kusaini.

Alimweleza hivyo, polepole, akichora saa mbili kwenye ukurasa wa daftari. Safia aliangalia mchoro akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo mutoto wangu hakufanya."

"Hakuwa mule, mama. Lakini mutu fulani alikuwa mule. Na niko nataka kujua juu ya nini mutu aongeze alama za mutoto wa mutu mwingine." Akamgeukia Darlène. "Ulijua ulipata kumi na moja?"

"Kumi na moja?" Msichana alilitamka kama mtu aliyetukanwa. "Mama, profesa aliyeongoza majaji alitoka Kisangani. Siku ya kutetea kazi alinishika mukono mbele ya watu wote. Aliniambia niandike ombi la kubaki chuoni kuwa msaidizi. Unashikwa mukono kwa kumi na moja?"

"Alama mulikuwa munaziona?"

"Hapana. Zinafichwa mupaka siku ya kutangaza. Lakini kuna kitu. Kazi ikipata kumi na sita kwenda juu, wiki moja baada ya majaji seva inaifungua yenyewe. Inaingia katika maktaba, kila mwanafunzi anaisoma kwa tableti yake. Ikikosa kumi na sita inabaki imefungwa."

Emilienne aliacha kuandika.

"Ndani ya kazi yako kuna kitu ambacho mutu hataki kisomwe?"

Darlène akaleta tableti yake, akafungua ukurasa wa thelathini na nane.

Tasnifu yake ilihusu ugonjwa unaokausha majani ya muhogo katika mashamba ya Kabambare. Kabla yake, mtu mmoja tu alikuwa amelichunguza jambo hilo: Magloire Kitoga, katika kazi iliyompa cheo chake cha sasa. Magloire aliandika kwamba alikaa Kabambare wiki tatu, akahoji wakulima arobaini, na akaona ugonjwa uko katika shamba moja tu kati ya kumi. Darlène aliona uko katika mashamba sita kati ya kumi. Akachukua orodha ya wakulima wale arobaini iliyo mwishoni mwa kazi ya mwalimu wake, akaenda kuwatafuta mmoja mmoja.

"Niliwapata ishirini na sita," alisema. "Wengine walikufa ao walihama. Niliuliza kila mutu. Hata mumoja hajamuona. Majina aliyatoa kwenye orodha ya zamani ya ushirika wa mbegu. Mimi sikuandika kwamba alidanganya. Niliandika tu kwamba takwimu za zamani hazikuthibitika."

"Na kutokana na zile takwimu zake?"

"Mashirika yaliona Kabambare haina shida. Mbegu za kuvumilia ugonjwa zilipelekwa mahali pengine. Misimu mitatu sasa." Akaonyesha kwa kidevu rundo la mihogo. "Ile unaona pale ndiyo mavuno yetu. Yote."

Emilienne alitelezesha kidole hadi kwenye orodha ya Magloire, ambayo Darlène aliinakili mwishoni mwa kazi yake. Jina la kumi na saba likamsimamisha. Akalisoma kwa sauti.

"Mukulima namba kumi na saba. Bwana Safia, wa Lusenge, mwanaume, miaka hamsini na mine, wake wawili."

Safia aliinua kichwa.

"Nani iko na wake wawili?"

"Wewe, mama," alisema Darlène.

"Mimi?" Safia alijitazama kifuani, akamtazama inspekta. "Mimi niko na wake wawili? Mbona hawanisaidii kumenya?"

"Mama Safia," alisema Emilienne, "kesho unakuja na mimi Kasongo."

Waliondoka Jumamosi kulipopambazuka, Safia nyuma ya Emilienne, Darlène nyuma ya motari aitwaye Djamali. Mvua iliwashika mara mbili, na kwenye kizuizi kimoja askari aliuliza nani ni mfungwa kati yao. "Hatujajua bado," Emilienne alimjibu. Saa kumi jioni waliingia Kasongo. Aliwaacha mama na binti kwa dada yake, akaenda moja kwa moja chuoni bila kubadili nguo.

Octave Mulonda, mlinzi wa seva, alikuwa akifuta vumbi kwenye tableti na kuzipanga ndani ya kabati. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipoona hati yenye muhuri wa parke alifuta mikono yake kwenye suruali mara tatu.

"Papa Octave, sasa ni saa ngapi?"

Alitazama simu yake. "Saa kumi na moja kasoro dakika tano."

"Fungua seva. Andika kitu chochote, halafu nionyeshe imeandika saa ngapi."

Aliandika jina lake. Seva ikaweka mstari mpya: 15:55. Kwenye simu ya Octave ilikuwa 16:55. Alitazama moja, akatazama nyingine, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja. Emilienne alijua hapo hapo kwamba hakuwa amewahi kuligundua, na kwamba sasa alikuwa akihesabu kama yeye alivyohesabu.

"Tarehe kumi na mbili ulirudi na mafuta saa ngapi?"

"Saa tano na robo."

"Nani aliingia baada ya hapo?"

"Hakuna. Niliwafungia wanafunzi inje, nifanye usafi mupaka saa sita."

"Kwa hiyo saa tano na dakika arobaini na saba, ndani ya chumba hiki alikuwamo nani?"

Octave alikaa juu ya sanduku la betri. Alivua miwani, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, mimi sikuiba kitu."

"Sijasema wizi. Nauliza nani."

"Mimi."

"Wewe ndiye uliandika kumi na nane."

"Niliirudisha!" Sauti yake ilipanda. "Haikuwa kupandisha. Kila Alhamisi natengeneza nakala ya seva, nalinganisha na ya wiki iliyopita, kama kuna kitu kimeharibika. Wiki iliyopita huyu mutoto alikuwa na kumi na nane. Wiki hii, kumi na moja. Hakukuwa na barua ya majaji, hakukuwa na sahihi. Nilifikiri mashine imekosea. Nikaweka ile ya kwanza."

"Kisha?"

"Kisha kazi yake ikafunguka katika maktaba, na CT akaiona kwenye tableti yake. Alikuja hapa mbio. Hakuniuliza kama ni mimi. Aliomba daftari tu, akasoma jina la Darlène, akacheka. Akaniambia kama mutu akiuliza, mimi sijui kitu, na kandarasi yangu inaisha mwezi wa sita." Alivaa miwani tena. "Niko na watoto watano, mama."

"Mama Safia iko na mumoja tu," alisema Emilienne. "Nitolee yote seva iliyoandika juu ya alama ya tasnifu hiyo, tangu siku ya kwanza. Si mustari mumoja. Yote."

Mashine ya kuchapa ilikohoa, ikatoa karatasi. Mistari ilikuwa mitatu. Tarehe 3 Machi, profesa wa Kisangani: kumi na nane. Tarehe 9 Machi, akaunti ya Magloire Kitoga, kutoka tableti namba sita: kumi na moja. Tarehe 12 Machi, akaunti ya msimamizi, kutoka kwenye seva yenyewe: kumi na nane.

"Tableti namba sita ni ya nani?"

Octave alifungua daftari lingine, la kugawia vifaa, akaligeuzia upande wa Emilienne. Kwenye namba sita sahihi ya Magloire ilikuwa kubwa, yenye mkia.

Jumatatu asubuhi baraza la nidhamu lilikaa katika ukumbi wa majaji, walimu wanne nyuma ya meza ndefu. Dominique Assumani alikuwa katikati. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini, na hakupenda kuona bunduki wala polisi ndani ya chuo chake. Magloire alisimama kando ya ukuta mweupe akiwa na tableti yake ya kutolea masomo, shati limepigwa pasi hata mikunjo ingekata mkate. Darlène alikaa peke yake kwenye benchi.

"Mama Inspekta," alisema Dominique, "tunaomba uwe mufupi."

"Nitakuwa mufupi, Papa Katibu. Nina maswali kwa Bwana CT peke yake."

Magloire aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Mwanafunzi huyu alichunguza muhogo wa Kabambare," Emilienne alianza. "Wewe ni mutaalamu wa jambo hilo. Nisaidie nielewe. Ulikaa kule siku ngapi?"

"Wiki tatu kamili."

"Wakulima arobaini, uliwahoji wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nyumba kwa nyumba."

"Unawakumbuka?"

"Mutafiti hasahau watu wake." Aliwatazama walimu wenzake, na wawili wakatabasamu.

"Namba kumi na saba. Safia, wa Lusenge."

Magloire alifumba macho kidogo, kama anayetafuta kwenye rafu. "Ndiyo. Muzee Safia. Mutu mukarimu sana. Alinipokea chini ya paa lake na mvua inanyesha."

Emilienne alikwenda mlangoni, akaufungua.

Safia aliingia na kitenge kipya cha bluu, akavuka ukumbi bila haraka hadi mbele ya Magloire. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. Kisha akawageukia walimu.

"Hamujambo. Mimi ndiye Muzee Safia. Niliomba nimuone huyu mugeni niliyemupokea, juu sikumbuki uso wake."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa walimu wawili waliotabasamu alianza kusoma karatasi iliyokuwa tupu mbele yake.

"Ni... ni kosa la kuchapa," alisema Magloire. "Jina linafanana. Na hata hivyo, haihusiani na wizi wa alama!"

"Inahusiana." Emilienne aliweka ukurasa wa seva mezani, mbele ya Dominique. "Faili niliyopewa ilikuwa na mustari mumoja. Seva iko na mistari mitatu. Soma, Papa Katibu. Kwa sauti."

Dominique alisoma. Alipofika kwenye mstari wa pili sauti yake ilishuka zaidi, na baada ya maneno "tableti namba sita" alimgeukia Magloire. Emilienne aliwaeleza saa ya Kinshasa na saa ya Kasongo, akaweka daftari la chumba na lile la vifaa kando kwa kando. Kisha akamwita Octave.

Octave alisimama katikati ya ukumbi akasema yote, bila kupamba. Alipomaliza, hakujua aende wapi. Darlène alikuwa akimtazama.

"Papa Octave," alisema msichana. "Siku kumi. Mama yangu hakulala siku kumi."

"Najua, mutoto yangu."

"Hujui," alisema Darlène. Lakini alisogea kwenye benchi, na baada ya muda yule mtu akaja akakaa pale penye nafasi.

Magloire alijaribu mara moja zaidi. Alisema alisahihisha kosa la profesa wa Kisangani, kwamba alikuwa na haki ya kufanya hivyo.

"Kama ulikuwa na haki," alisema Emilienne, "ungeandika barua. Na mustari wa pili usingeondolewa kwenye faili uliyonipa kwa mikono miwili. Magloire Kitoga, utanifuata parke. Ni kughushi, na ni kumushitaki mutu kwa uongo huku ukijua. Tableti iache mezani. Inabaki na mimi."

Dominique alinyanyuka, akamvuta Emilienne kando ya dirisha.

"Inspekta, jina la chuo... hatuwezi kulimaliza kati yetu? Mutoto atarudishiwa alama zake leo hii. CT ataandika barua ya kuomba ruhusa ya ugonjwa."

"Ninyi ndio mulileta malalamiko, Papa Katibu. Mulitaka sheria. Imefika." Akamnyooshea kalamu. "Saini hapa kwamba umeona mistari yote mitatu."

Dominique aliishika kalamu muda mrefu. Nje, wanafunzi walikuwa wamejaa kwenye veranda, tableti mikononi. Mmoja wao alikuwa akisoma kwa sauti, na wenzake wamemzunguka. Maneno ya ukurasa wa thelathini na nane yalipenya dirishani moja baada ya jingine. Katibu mkuu aliyasikiliza kidogo, akasaini.

Saa sita walikuwa nje. Polisi wawili walikuwa wamempeleka Magloire kwa miguu, kwa sababu Emilienne alikataa apande gari la chuo. Darlène alitoka ukumbini na karatasi yenye muhuri: mashitaka yamefutwa, alama imethibitishwa, ombi lake la kubaki chuoni kuwa msaidizi litasomwa wiki hii. Alimpa mama yake aishike. Safia aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akairudisha.

"Imesema nini?"

"Kumi na nane, mama."

"Kwa ngapi?"

"Kwa ishirini."

Safia alifikiri. Alitazama mlango wa ukumbi, akatazama benchi ambapo Octave alikuwa bado amekaa, akamtazama inspekta aliyekuwa akipangusa tope lililokauka kwenye pikipiki yake.

"Na zile mbili," aliuliza, "ni nani amezichukua?"

Emilienne aliacha kupangusa. Akatoa daftari mfukoni, akafungua ukurasa mweupe na kuondoa kifuniko cha kalamu.

"Mama anataka kuleta malalamiko?"